Mashine Yapelekwa Kunywa

Kwa siku tano mashine ya kusaga ya Seline Obiero haikulia, na mtaa mzima wa Maili Nne ulijua. Juu ya bomba la moshi la injini yake palikuwa na kopo la mafuta ya kupikia lililofungwa kwa waya. Injini ikifanya kazi, kopo liligongagonga na kutoa sauti yake, paa-pi, paa-pi, hata mwanamke anayefua nguo ng'ambo ya barabara kuu akajua mashine imefunguliwa, akajitwika debe lake la mahindi akaja. Kila mwenye mashine ya dizeli upande ule alifunga kopo lake, na kila kopo lilikuwa na sauti yake. La Seline lililia kama kuku anayetafuta pa kutagia. Watoto waliliiga wakicheza, na Seline hakuwahi kuwakataza.

Sasa palikuwa kimya. Transfoma ya mtaa ilikuwa imeungua tangu Februari, na mashine za stima zilizokuwa mjini zilikuwa na laini ya mahindi ya kusagwa mpaka Jumatatu. Dizeli nayo haikupatikana. Kule Ghuba watu walikuwa wanapigana, na njia ya bahari inayopitisha meli za mafuta ilikuwa imefungwa, hii ikiwa wiki ya sita. Redio ilisema waziri wa mambo ya nje amesafiri mara mbili kwenda kuzungumza na wenye mafuta. Ilisema Kenya haina upande katika vita hivyo. Ilisema kile kidogo kinachofika Mombasa kitagawanywa kwa mkataba, na fungu la nchi jirani halitaguswa, kwa sababu majirani nao wanaitegemea bandari yetu. Na ili mafuta yasivushwe mpakani kwa magendo, hakuna mtu atakayeuziwa kwa jerikeni. Yataingia kwenye tangi la gari au la mashine, basi.

"Wamesema hatuna upande," alisema Walubengo, fundi aliyekuwa akiitunza injini ya Seline, akikaa juu ya gunia tupu. "Hata upande wetu hatuna."

"Usiseme hivyo," alisema Seline. "Huko Uganda pia kuna mtu ana matanga leo."

Alisema matanga kwa sababu matanga ndiyo yaliyokuwa moyoni mwake. Jumatano mzee Mabonga, jirani yake wa mlango wa pili, alikuwa amefariki. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Siku ile ile Kavetsa, mjane wake, alitoka na magunia mawili ya mahindi kwenye mkokoteni, akasimama mbele ya waombolezaji bila kujua aanzie wapi, na Seline akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Lete kwangu. Nitasaga mimi." Watu wote walisikia. Kavetsa alimshika mkono.

Magunia yale mawili yalikuwa bado yameegemea ukuta. Dizeli yote iliyobaki ndani ya nyumba ilikuwa nusu chupa ya soda.

*

Ijumaa asubuhi, kabla chai haijachemka, simu ililia. Alikuwa George, mwanawe wa pekee, dereva wa lori la mafuta. Alikuwa kwenye lango la depo hapo hapo Eldoret.

"Mama, umepata dizeli?"

"Bado, lakini tunatafuta."

"Sikiza haraka, wanachukua simu zetu tukiingia. Siku hizi tunaenda kwa msafara, polisi mbele na nyuma, na simu tunarudishiwa Malaba, mpakani. Tutapita hapo Maili Nne kati ya saa sita na saa kumi. Nikisikia kopo lako linalia, nitajua uko sawa, nitapita. Nisipolisikia, nitasimama. Nitajifanya gurudumu limeishiwa upepo. Dakika kumi tu, nikutolee lita ishirini."

"George, hayo mafuta si yako."

"Nabeba lita elfu thelathini na sita, Mama. Ishirini nani ataziona?"

"Si kuna sili ya kufungia tangi? Si ulisema ikiguswa Nairobi wanajua saa hiyo hiyo?"

Seline alisikia honi za malori nyuma ya George.

"Mzee Mabonga ndiye alinifundisha gari," alisema George. "Alinipa lori lake nikiwa sina hata kitambulisho. Watu hawatakula ugali kwake nikiwa napita hapo na mafuta mgongoni? Hapana. Nikisikia kopo, napita. Nisiposikia, nasimama. Wacha niende, wananiita."

"George, ngoja. George."

Simu ilikuwa imekatika. Alijaribu kupiga mara tatu, na mara tatu mwanamke wa kwenye simu akamwambia mteja hapatikani.

Marion, mke wa George, alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Alikuwa amesikia ya kutosha.

"Dakika kumi si nyingi," alisema polepole, akiangalia chini. "Madereva wengine wanafanya."

"Walikuwa wanafanya. Mwezi huu wamesema nini kwa redio? Dereva akifungua sili ya mafuta ya majirani ni kuharibu mkataba wa nchi. Si kuiba tena, Marion. Ni kuaibisha serikali mbele ya serikali nyingine. Unafikiri huyo watamwacha?"

Marion alimkaza mtoto mgongoni. "Basi uwashe mashine na hiyo ya chupa. Asikie, apite."

"Hiyo ni ya dakika tano. Kutoka saa sita mpaka saa kumi nitaiwasha saa ngapi? Na nyumba iko nyuma ya kanisa, lori halionekani mpaka limepita."

Chai ilimwagika kwenye jiko na hakuna aliyeipangusa.

*

Walubengo alipofika, Seline alikuwa amekaa mbele ya injini akiitazama kama mtu anayetazama ng'ombe mgonjwa. Ilikuwa injini ya silinda moja, imekolea masizi, na tangi lake dogo la lita kumi limekaa juu yake kama kofia.

"Walubengo, redio ilisema tangi la nini?"

"Tangi la gari au la mashine."

"Na hii ni nini?"

Walubengo aliitazama injini, kisha akamtazama yeye. "Mama George, hiyo ni kilo mia na hamsini."

"Ng'ombe ni mzito kuliko hiyo na anapelekwa mtoni kunywa."

"Ng'ombe anatembea mwenyewe."

Lakini tayari alikuwa amekwenda kutafuta spana. Shemeji wawili wa Kavetsa walitoka matangani na mkokoteni ule ule ulioleta mahindi. Walifungua nati nne, wakatoa mkanda, wakainyanyua injini huku wakiguna. Mwanamume mmoja alitaka kulitoa kopo ili lisipotee njiani.

"Liache," alisema Seline. "Bila hilo George hataijua."

Kavetsa alitoka kwake na leso kichwani. Hakuwa ametoka tangu Jumatano. Alitandika gunia chini ya injini ili isikwaruzwe, akarudi ndani. Seline aliliona jambo hilo na akaliweka moyoni. Mtu ana msiba wake na anakumbuka injini ya mwenzake.

Nusu chupa ile aliiweka ndani ya mfuko wa sweta, akaifunga kwa pini.

*

Kituo cha mafuta kilikuwa kilomita mbili kuelekea mjini, kando ya barabara kuu ya kwenda Turbo. Walifika saa mbili na kukuta laini imeshapita kanisa la pili. Magari, pikipiki, trekta moja. Mkokoteni wenye injini ukaingia nyuma ya pikapu ya kijani. Mwenye pikapu, mfanyabiashara wa viazi anayeitwa Mbuthia, alishuka na kuuzunguka.

"Shosho, hii ni modeli ya mwaka gani?"

"Ya mwaka uliozaliwa," alijibu Seline.

Watu walicheka. Mbuthia naye alicheka, lakini hakuacha. Kila laini iliposonga alitoa kichwa dirishani na kuuliza kama gari la Seline lina gia ya kurudi nyuma, kama lina bima, kama abiria wanakaa wapi. Mwenye pikipiki akasema labda ni ndege. Seline alitabasamu kila mara, na kila mara uso wake ulichoka zaidi. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane na hakuwa amezoea kuchekwa na watu wasiojua jina lake. Macho yake yalikuwa barabarani, upande wa mjini. Kila lori lililotokea, alishika mfuko wa sweta mpaka alipoona ni la sukari, au la mbao.

Saa sita kasoro walifika kwenye pampu. Msichana wa pampu, Jepkosgei, alikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi. Aliitazama injini, akalitazama tangi, akaanza kufungua kifuniko.

"Hebu ngoja." Meneja, Kiprotich, alitoka ofisini na karatasi mkononi. "Hiyo ni nini?"

"Mashine ya kusaga," alisema Seline. "Ina tangi lake. Redio ilisema tangi la gari au la mashine."

"Mama, mimi sina ubaya na wewe. Lakini jana mtu aliniletea tangi la pikipiki bila pikipiki. Juzi mwingine alikuja na friji, akasema ni jenereta. Nikikosea, wananifungia kituo. Nitajuaje hii si chuma tu mmefungia tangi juu?"

"Inafanya kazi. Muulize fundi."

"Basi iwashe nione."

Walubengo alishika hendeli. Kiprotich akaruka. "Si hapa! Hamwoni bango?" Alionyesha lile bango jekundu lililoandikwa zimeni injini. "Ipelekeni kule kando ya barabara, muiwashe, nikiona inazunguka mrudi mjaziwe."

Walubengo alimgeukia Seline. "Lete chupa."

Seline aliweka mkono juu ya mfuko wa sweta. Hakufungua pini.

Aliona jambo moja waziwazi. Nusu chupa ile ingewaka mara moja tu. Akiiwasha sasa, atajaziwa tangi, kama meneja hatapata sababu nyingine. Lakini meneja alikuwa na karatasi, na mtu mwenye karatasi hakosi sababu. Akikataliwa baada ya chupa kuisha, lori la George litafika na kukuta kimya. Mwanawe atasimama.

"Ngoja kidogo," alisema. "Wacha hawa wapite kwanza."

"Mama George!" Walubengo alishika kichwa. "Tumekaa hapa tangu asubuhi."

"Wapite."

Wakausogeza mkokoteni kando, mpaka ukingo wa lami. Laini ikapita. Pikipiki, trekta, gari la shule, teksi. Mbuthia alikuwa amejaza pikapu yake lakini hakuondoka. Aliegemea mlango akitazama, sasa bila kucheka. Jepkosgei aliivua sweta yake ya kazi, akaiweka chini karibu na pampu, mahali mkokoteni ulipokuwa. Kila aliyefika alimwambia, "Hapo kuna mtu, pita upande huu." Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo.

Saa sita na nusu. Saa saba. Kutoka kwenye pampu Jepkosgei alipaza sauti kwamba mafuta yamekaribia kuisha.

"Utawaambia nini watu wa matanga?" aliuliza Walubengo kwa sauti ndogo. Alijua habari ya George. Hakuwa anamlaumu, alikuwa anauliza.

"Nitawaambia nilishindwa," alisema Seline. "Aibu ya ugali nitaibeba. Ile nyingine siwezi."

*

Msafara ulifika saa saba na dakika kumi. Kwanza gari la polisi lenye taa ya buluu, kisha lori la kwanza, la pili, la tatu, matangi marefu yanayong'aa kwa jua, yamesongamana kama siafu. Watu waliokuwa kwenye laini waligeuka kutazama. Mtu mmoja alisema, "Hiyo yote inaenda Kampala," na mwingine akasema, "Juba pia." Mafuta yalikuwa yanapita mbele ya macho ya watu waliolala kwenye laini, umbali wa hatua kumi.

Seline alikuwa ameshamwaga chupa kwenye tangi. Kidogo ilimwagika kwenye vidole vyake.

"Zungusha."

Walubengo alizungusha. Injini ilikohoa ikanyamaza. Lori la tano lilipita.

"Zungusha."

Ilikohoa. Lori la sita. La saba lilikuwa na kitambaa cha njano kwenye kioo, kitambaa ambacho Seline mwenyewe alimfungia George siku ya Krismasi. Lilikuwa limeanza kupunguza mwendo. Taa yake ya kushoto ilikuwa inawaka na kuzima.

"Walubengo, baba."

Shemeji mmoja wa Kavetsa aliruka akashika hendeli pamoja naye. Walizungusha wote wawili, na mtu wa tatu akaja, naye alikuwa Mbuthia, shati lake jeupe likapata masizi mpaka kwenye kola. Injini ilipiga mara moja. Ikapiga tena. Kisha moshi mweusi ukatoka na kopo likaanza kuruka juu ya waya wake, paa-pi, paa-pi, paa-pi.

Lori la saba lilifika sambamba nao. Seline alimwona mwanawe kwenye dirisha. Hakupunga mkono. Alisimama wima tu kando ya injini, mkono mmoja juu ya tangi, kama mtu aliye kazini na hana shida yoyote.

George aliwatazama kwa kitambo kifupi. Taa ya kushoto ikazimika. Alipiga honi mara tatu, lori likavuta, likapita. Likafuata la nane, na la tisa, na gari la polisi la nyuma.

Injini iliendelea kwa dakika mbili hivi. Halafu sauti ikalegea, kopo likagonga la mwisho, ikazima. Seline aliketi juu ya ukingo wa mkokoteni.

Kiprotich alikuwa ameona yote. Alikunja karatasi yake akaiweka mfukoni.

"Ni mashine," alisema. "Ileteni."

Jepkosgei aliokota sweta yake. Pampu iliguna, ikatoa, ikaguna tena, ikatema hewa. Akatikisa mpira mpaka tone la mwisho. Lita tatu na nusu. Aliangalia namba kwenye pampu kama vile yeye ndiye mkosaji.

"Pole, Mama. Imeisha."

"Wewe uliniwekea nafasi," alisema Seline. "Mungu akuwekee yako."

*

Lita tatu na nusu zilitosha gunia moja na robo hivi. Seline alisaga mpaka injini ikajizima yenyewe, akakung'uta unga wa mwisho kwa ufagio. Mahindi yaliyobaki, Kavetsa mwenyewe alisema yachemshwe na maharagwe.

"Mabonga alipenda nyoyo kuliko ugali," alisema. "Mimi ndiye nilikuwa namlazimisha."

Hivyo Jumamosi wazee na wageni wa mbali walikula ugali, na majirani wakala nyoyo. Shangazi mmoja wa marehemu aliuliza kwa sauti kama huku Eldoret watu hawana mashine. Seline alisikia. Aliinama akaendelea kugawa.

Jeneza lilikuwa limekwisha kushushwa, na watu walikuwa wanatawanyika, simu ilipolia ndani ya sweta. Namba ilikuwa ya Uganda. Alienda kando, karibu na magunia matupu.

"Mama. Wameturudishia simu lakini laini yangu haishiki huku, hii nimeazima. Mmemzika?"

"Tumemzika vizuri."

"Watu walikula?"

"Walikula."

Seline alikuwa tangu jana anafikiria jinsi ya kumwambia, maana hakuwahi kumdanganya mtoto huyu, hata alipokuwa mdogo na dawa ilikuwa chungu.

"George, jana ulipopita..."

"Mashine yako huwa iko nyumbani, Mama," alisema George. "Nyuma ya kanisa. Mimi niliisikia kwa petrol station, juu ya mkokoteni, na watu watatu wameshikilia hendeli. Na chupa ya soda ilikuwa chini karibu na mguu wako, tupu. Nilijua hujapata."

Seline alishikilia simu kwa mikono miwili.

"Sasa kwa nini ulipita?"

Kwa muda alisikia lori tu likinguruma huko mbali, na watu wakiongea lugha asiyoijua.

"Ulikuwa umeisukuma kilomita mbili," alisema George. "Ningesimamaje?"